Kila Baiskeli Ndogo Tuliita BMX

Mtaani kwetu Kayole, kati ya 2005 na 2010 hivi, baiskeli zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na Black Mamba, ile nyeusi ndefu ya kubeba maziwa, mkaa na abiria. Halafu kulikuwa na BMX, na hapo tuliweka kila kitu kilichobaki. Iwe ya magurudumu ya inchi 12 au 20, iwe ya Mchina au ya mitumba, iwe na breki au usimamishe kwa soli ya patipati, hiyo ilikuwa BMX. Hakuna aliyejua herufi hizo tatu zinasimamia nini. Jamaa mmoja wa darasa la saba alisema B ni ya "bingwa", na kwa kuwa alikuwa wa darasa la saba, tukanyamaza.

Wachache sana walikuwa na yao. Wengi wetu tulikodi. Kobole ilikupa raundi moja kuzunguka ploti, shilingi kumi raundi mbili, na mwenye baiskeli alikaa kwenye jiwe akihesabu kwa sauti ili usimpige chenga. Wasichana tulikodi pia, mpaka siku mama wa mtu alipokuona ukipita. Hapo habari zilifika nyumbani kabla yako.

Naandika haya kwa sababu mwaka jana nilianza kutengeneza baiskeli moja ya zamani ya watoto, na kazi ya mikono ikanipeleka kwenye vitabu, majarida ya zamani na video za wazee wa Marekani na Uingereza wanaosugua vyuma jikoni kwao usiku wa manane. Nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kuungana na maisha, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala hapa na pale. Mama yangu aliponiona na fremu yenye kutu katikati ya keja aliuliza swali moja tu: "Hii nayo inalipa?" Ni swali zuri. Nimejaribu kulijibu kwa historia.

Tuanze na ile X. BMX ni kifupi cha baiskeli ya motokrosi. Motokrosi ni mbio za pikipiki kwenye vumbi, kona na matuta, na kwa Kiingereza neno "krosi" huandikwa kwa kifupi kama X, yaani msalaba. Kwa hiyo jina lenyewe linakiri jambo: hii ni baiskeli iliyotamani kuwa pikipiki.

Mwaka 1963, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli iliyoitwa Sting-Ray. Mbunifu wake, Al Fritz, alikuwa amesikia kwamba vijana wa California wanachukua baiskeli ndogo na kuzifunga usukani mrefu na kiti kirefu chenye umbo la ndizi. Watoto walianza, kampuni ikafuata. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, watoto wa kusini mwa California, ambako motokrosi ilikuwa imeshika kasi, walikuwa wakizipeleka Sting-Ray zao kwenye viwanja vitupu na kushindana kama mashujaa wao wa pikipiki. Mwaka 1969 mbio za namna hiyo zilifanyika Palms Park, magharibi mwa Los Angeles. Mwaka 1970, kule Long Beach, mvulana wa miaka 13 aitwaye Scot Breithaupt aliandaa mbio zake mwenyewe. Yeye alikuwa anaendesha pikipiki za mashindano tayari, kwa hiyo alijua mbio zinapangwaje. Mwaka 1971 ikatoka filamu ya Bruce Brown, On Any Sunday, ambayo ni ya pikipiki na ambayo Steve McQueen anaonekana ndani yake, lakini inaanza na watoto juu ya baiskeli wakiruka matuta. Watoto wa Marekani nzima waliitazama wakatoka nje kutafuta vumbi.

Nikisoma haya nacheka, kwa sababu sisi tulikuwa tunabana chupa ya plastiki kati ya taya na fremu ili baiskeli ilie kama pikipiki. Wao walifunga karata kwenye spoki. Hatukuwahi kuonana, na hatukuwa na filamu hiyo. Mtoto mwenye baiskeli akisikia injini mahali popote duniani, inaonekana anafikia wazo lile lile.

Shida ikawa vyuma. Sting-Ray iliundwa kwenda dukani na kurudi. Ukiirusha juu ya tuta mara ishirini, foku inapinda na rimu inakuwa nane. Hapa ndipo historia ya BMX inanipendeza zaidi, kwa sababu waliotatua shida hiyo walikuwa mafundi, wengi wao wakifanya kazi kwenye gereji na vibanda. Kwa lugha yetu, ilikuwa jua kali. Linn Kastan wa kampuni ya Redline alitengeneza foku za bomba za kromoli, chuma kilichochanganywa na kromi na molibdenamu, ambacho ni imara kiasi kwamba unaweza kutumia bomba jembamba na jepesi bila kuogopa. Skip Hess alikuja na gurudumu la Motomag, lililotupwa kwa aloi na lenye mikono mitano badala ya spoki, na kutokana na gurudumu hilo ikakua chapa ya Mongoose. Gary Turner, aliyekuwa akichomelea fremu za magari ya mbio, alimchomelea mwanawe baiskeli. Wazazi wengine wakaiona wakataka. Herufi za jina lake, GT, zikawa kampuni mwaka 1979 akishirikiana na Richard Long.

Kuna jina moja zaidi ambalo lilinifanya niinuke kitini. Baiskeli niliyookota ilikuwa na kibao cha plastiki mbele ya usukani, na juu yake namba 7. Karibu kila BMX ya Kayole ilikuwa nacho. Nilidhani ni pambo. Kumbe katika mbio, kila mshindani alihitaji namba ili waamuzi wamtambue, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja mchoraji, Bob Haro, alianza kutengeneza vibao vya namba vya kuvutia akiwa nyumbani kwao. Baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa friistaili, yaani michezo ya kuzungusha na kusimamisha baiskeli, na alikuwa mmoja wa waendeshaji waliotumiwa kwa sarakasi za baiskeli katika filamu ya E.T. ya Steven Spielberg, iliyotoka mwaka 1982. Kwa hiyo mtoto aliyekodi kwa kobole kwenye ploti yetu alikuwa amebeba mbele yake kivuli cha mbio za California, na hakuna aliyekuwa akimhesabia nafasi isipokuwa mwenye baiskeli pale kwenye jiwe.

E.T. ndiyo iliyoitoa BMX nje. Watoto wanaokimbizwa na polisi, kisha wanaruka mbele ya jua. Baiskeli walizopanda zilitoka Kuwahara, kampuni ya Osaka, Japani. Mwaka huo huo wa 1982, Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilitoa BMX yake iliyoitwa Burner. Hapa wazee wetu wataamka. Raleigh ni jina wanalolijua vizuri, maana baiskeli zake kubwa nyeusi zilifika Kenya zikiwa za karani, mwalimu na katekista. Kampuni iliyombeba babu kwenda kazini ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimuuzia mtoto wa Birmingham baiskeli ya manjano na bluu yenye sponji kwenye usukani ili asivunje meno.

Halafu upepo ukageuka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 homa ilikuwa imeshuka. Watoto walikuwa wameenda kwenye skeitibodi na baiskeli za milimani. Kazi ya kutengeneza fremu nyingi za chapa za Marekani ilikuwa ikihamia Taiwan, na baadaye Uchina. Kiwanda cha Raleigh kule Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Burner na Mongoose zilipandishwa darini, zikasukumwa nyuma ya gereji, zikafunikwa na mabox ya Krismasi.

Piga hesabu kidogo. Mvulana aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1982 alitimiza 30 mwaka 2002. Ana kazi, ana kadi ya benki, pengine ana mtoto wa kwanza. Na kufikia wakati huo eBay, iliyoanzishwa 1995, imemwezesha kumpata mtu wa mji wa mbali mwenye ile foku aliyokuwa akiitamani. Ndivyo ukusanyaji ulivyoanza kupata nguvu. Hawakuanza na makumbusho wala maprofesa. Walianza watu wazima wakitafuta zawadi ya Krismasi waliyopewa, au, mara nyingi zaidi kuliko ungedhani, ile waliyonyimwa. Soma maelezo yao utaona: "Jirani alikuwa nayo." "Baba alisema ni ghali." Wanakusanya kwa hamu ya dirisha la duka.

Wana sheria zao. Kwanza unasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, kwa kawaida chini ya mahali pedali zinapopita au nyuma kwenye ekseli, kwa sababu namba ndiyo inayokuambia mwaka. Unachunguza weldi na bomba kabla ya kuamini stika, maana stika huchapishwa upya kila siku. Kifaa ambacho hakikuwahi kutumika na bado kiko kwenye karatasi yake ya 1983 kinaweza kuwa na thamani kuliko baiskeli nzima. Na kuna ugomvi wao mkubwa usioisha: je, unapaka rangi upya na kupeleka fremu ikachovywe kromi mpaka ing'ae kama siku ya kwanza, au unaiacha na mikwaruzo yake? Wanaosema iachwe wana hoja moja nzito. Rangi mpya unaweza kupaka wakati wowote. Ya zamani ukishaiondoa, imeondoka.

Kampuni nazo zilinusa pesa. SE, kampuni ambayo Breithaupt aliianzisha, sasa ina BMX yenye magurudumu ya inchi 29, kwa ajili ya wavulana wale wale ambao magoti yao yamekua. Haro na Mongoose wamewahi kurudisha sokoni miundo yao ya zamani. Utoto unauzwa mara ya pili kwa mtu yule yule.

Lakini Breithaupt mwenyewe, yule mvulana wa Long Beach, Julai 2015 alikutwa amefariki ndani ya hema kwenye kiwanja kitupu mjini Indio, California. Alikuwa na miaka 57. Fremu zilizotoka kwenye kampuni yake zilikuwa zinatundikwa ukutani kama picha za watakatifu. Nililisoma hilo usiku mmoja na nikaacha kusugua. Tunaweza kukipenda kitu mpaka tukakinunua kwa bei ya figo, na aliyekianzisha akalala nje. Kukumbuka vyuma ni rahisi kuliko kukumbuka watu.

Sasa turudi huku. Kwa nini Kenya hatuna wakusanyaji wa BMX za utoto wetu? Watu watasema ni pesa. Pesa ipo ndani, lakini nadhani jibu la kwanza ni stoo. Kumbukumbu ya vitu inahitaji mahali pa kuviweka. Mtu wa Nottingham alikuwa na dari. Sisi tulikuwa na chumba kimoja au viwili, na baiskeli iliyokufa ilikuwa inashindana na jiko, jerikeni na godoro la wageni. Kwanza ilirithiwa na mdogo. Kisha ikavuliwa taya, ikavuliwa cheni, gololi zikachezewa. Mwisho akapita mtu wa vyuma kuukuu na mizani yake ya ndoano, na utoto ukapimwa kwa kilo. Biashara hiyo si ndogo: mwaka 2022 serikali iliipiga marufuku kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa, na ndipo wengi wetu tulijua ni nyumba ngapi zinakula kutokana nayo. Siilaumu. Baiskeli zetu zilienda zikawa kitu kingine, labda nondo ya gorofa ambalo sasa linaziba jua la kiwanja tulichochezea.

Jibu la pili ni pikipiki zenyewe. Boda boda ilianza kama baiskeli huko mpakani, Busia, ikivusha watu kutoka boda moja hadi nyingine. Kufikia 2008 serikali ilikuwa imeondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, na barabara zikabadilika ndani ya miaka michache. Mwaka huo huo wa 2008, BMX iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Beijing, ambako Māris Štrombergs wa Latvia na Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa walitwaa dhahabu. Tazama njia hizo mbili. Mchezo ulioanza kwa watoto kuiga pikipiki ulikuwa umekua ukasimama peke yake hadi jukwaa la dunia. Kwetu, wavulana waliobana chupa kwenye taya waliruka hatua zote wakapata pikipiki yenyewe, pamoja na mkopo wake. Kaka yangu ni mmoja wao. Yeye haoni cha kukumbuka kwenye baiskeli. Anaona njia ndefu ya kufika pale alipo.

Na sisi wasichana? Hata upande wa pili wa bahari, hadithi ya ukusanyaji ni ya wavulana waliozeeka. Lakini wasichana walikuwepo. Cheri Elliott wa California alikuwa bingwa wa wasichana Marekani katika miaka ya 1980, na Chausson ndiye mwanamke wa kwanza kabisa kuvaa dhahabu ya BMX ya Olimpiki. Nilipoyajua haya nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini. Ningeyajua nikiwa na miaka tisa, mama wa mtu angepata jibu.

Baiskeli yangu niliipata kwa muuza vyuma. Alitaka kuiuza kwa kilo kama vitu vingine, akaitundika kwenye mizani: kilo tisa, pamoja na rimu zisizo na taya. Haina jina. Stika imebaki na herufi tatu za mwisho. Chini ya pedali hakuna namba yoyote. Kwa sheria za wakusanyaji, hii si kitu. Chuma cha kawaida, kizito, cha kiwandani, kilichoiga umbo la kitu kilichoiga pikipiki. Fundi wa baiskeli wa stage yetu aliigeuza mara mbili akaniambia, "Msichana wangu, utatumia pesa nyingi kuliko ya kununua mpya." Alisema kweli. Gololi, kebo za breki, tyubu mbili, taya mbili, cheni na kazi yake vilikula malipo ya makala mbili.

Kromi ya usukani niliisafisha kwa njia niliyojifunza kwa wale wazee wa video: unakunja karatasi ya foili, unaichovya kwenye maji, unasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromi, kwa hiyo inatoa kutu bila kuchuna. Sehemu ndogo zilizoshika kutu nililaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikazisuuza na kuzipaka mafuta upesi kabla hazijashika tena. Keja ilinuka kachumbari kwa wiki.

Kwenye rangi ndipo nilipokwama. Fremu ilikuwa nyekundu, imepauka. Nilipoanza kuikwangua karibu na kiti, chini ya nyekundu ikatokea bluu. Chini ya bluu, waridi. Nikaacha hapo hapo. Rangi ya kiwandani ni ile ya chini kabisa. Hizo mbili za juu zilipakwa kwa brashi, unaona nywele za brashi zimekauka ndani. Kwa hiyo mtu alimnunulia binti baiskeli ya waridi. Ikapita kwa mvulana, ikapakwa bluu ili asichekwe. Ikapita tena. Watoto watatu angalau, nyumba tatu pengine, na wazazi watatu waliotafuta mkebe wa rangi mwezi ambao hela haikuwa nyingi. Hiyo ndiyo namba ya siri niliyokuwa naitafuta chini ya pedali. Ningeipiga msasa yote niipake upya, ningebaki na baiskeli nzuri ya kuposti, na watoto hao watatu wangeondoka na vumbi.

Nimeiacha na rangi zake zote, nimepaka tu vanishi pale palipokwanguliwa. Haijatundikwa ukutani. Inaendeshwa na binti wa dada yangu, ambaye ana miaka minane na ambaye hajaambiwa na mtu yeyote ashuke. Ameshaongeza mikwaruzo miwili, mmoja wa kutisha. Mkusanyaji wa kweli angelia. Lakini nadhani kama kitu chenyewe kilikuwa cha watoto kwenye vumbi, basi kukiokoa ni pamoja na kukirudisha huko, na kuandika mahali fulani kilipotoka.

Mama bado anauliza kama inalipa. Namwambia hii makala italipa kidogo, anacheka, hajaridhika. Nami sijaridhika pia, kwa sababu historia ya vitu vyetu vidogo bado inapimwa kwa kilo kila Jumamosi, yule mtu wa mizani anapopita akiita getini. Kama kwenu kuna fremu nyuma ya tangi la maji, si lazima uinunulie gololi. Kwangua kidogo karibu na kiti, palipofichika, uone kuna rangi ngapi. Kisha muulize mkubwa wa nyumba kila rangi ilikuwa ya nani, na uandike majina kabla mizani haijafika.